Foleni ya uhamiaji: Mkongomani anayeishi Nairobi asimame wapi?

Mtu wa Kibombo anayefanya kazi Nairobi, akishawaona wazazi nyumbani na kutaka kurudi kazini, huanza safari kwa kuipa Kenya mgongo. Kwanza huenda kwa pikipiki, au kwa treni siku inapopita, zaidi ya kilomita 100 hadi Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema.

Tangu uwanja wa ndege wa Goma ufungwe Januari 2025, wasafiri wengi hulazimika kuruka hadi Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,000 upande wa magharibi, ndipo wapande ndege ya kuwarudisha mashariki.

Akishuka Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, amechoka, na foleni ya uhamiaji inamsubiri. Apange mstari upi? Wa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, au wa wageni wengine?

Zamani mstari wa raia wa Jumuiya haukuwa wake, hata kama amepanga nyumba Nairobi miaka kumi na watoto wake wanasoma huko.

Mambo yalibadilika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ilipotia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya hiyo tarehe 8 Aprili 2022, ikawa mwanachama kamili tarehe 11 Julai mwaka huo. Septemba 2023, Kenya ikawaondolea Wakongomani sharti la viza.

Hata hivyo, mstari mfupi haumalizi kila kitu. Chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, raia wa nchi mwanachama anaweza kupewa ruhusa ya kukaa hadi miezi sita akiwa mgeni. Ruhusa hiyo si ya kufanya kazi. Mwenye ajira bado anahitaji kibali, na raia wa kigeni anayekaa Kenya zaidi ya siku 90 hutakiwa kujiandikisha.

Kwa hiyo anayeishi huko anashauriwa kumwonyesha ofisa pasipoti pamoja na kibali cha kazi na kitambulisho chake cha raia wa kigeni, kabla muhuri haujagongwa. Akikaa kimya, huenda akaingizwa kama mtu aliyekuja kutembea, kisha akahangaika kueleza baadaye.

Kuna karatasi nyingine isiyosahauliwa: kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Bila hiyo, msafiri kutoka Congo anaweza kuzuiwa hata kabla ya kulifikia dirisha la uhamiaji.

Tatizo hili si la Afrika pekee. Nchini Thailand, mgeni anayeishi kwa viza ya mwaka hupanga foleni pamoja na watalii. Tangu tarehe 1 Mei 2025, naye hujaza fomu ya kuwasili kwenye intaneti ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Akitoka nchini bila kibali cha kurejea, ruhusa yake ya kukaa hufutika.

Huko, miaka ya kukaa kwa viza ya aina hiyo haimhamishi mtu mstari. Kwa mtu wa Kibombo, pasipoti ile ile sasa inamsogeza karibu na dirisha, lakini kinachomfikisha kazini Jumatatu asubuhi ni kibali kilichomo mfukoni.