Slo kuka yenye ukoko: usiikwangue

Wauzaji wenzangu, hii ilinila hela, nyie chukueni bure.

Nauza vyombo vya umeme vya mtumba hapa Mwanza. Kuna siku nilipata slo kuka, ile sufuria ya umeme inayopika taratibu, ndani imegandia ukoko mweusi wa maharage. Nikaisugua kwa stili waya, nikapiga picha kwa mbali, nikaiposti. Mteja wa Sengerema akalipa elfu 45. Ilipomfikia, dada akanirushia picha: mikwaruzo mitupu. Nikarudisha hela yote, na nauli ya mzigo juu yangu.

Siku hizi sikwangui kabisa. Namimina maji mpaka yapite pale ukoko ulipoishia, natia vijiko 2 vya bekingi soda na sabuni kidogo ya vyombo, nafunika, nawasha moto mdogo saa 2 hadi 3. Nazima, nachomoa waya, naacha ipoe yenyewe. Ukoko unalainika, unautoa kwa mwiko wa mti na sponji. Ukibaki, rudia, usiongeze nguvu.

Hapo kwenye kupoa msiwe na haraka. Bakuli la ndani ni la kauri, likiwa la moto ukalimwagia maji ya baridi linaweza kupasuka, na kulipata peke yake ni kazi kweli. Kitako chenye umeme hakiingii majini, kifute na kitambaa kilichokamuliwa.

Ila raisi kuka yenye sufuria ya aluminiamu tupu, bekingi soda weka pembeni, inaifanya nyeusi. Loweka kwa maji ya moto na sabuni usiku mzima.

Alama isiyotoka, ipige picha kwa karibu, uiposti pamoja na bei.