Viwanja Oldonyo Sambu (2): Njia ya Ng'ombe Haina Muuzaji

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi barabara ya Arusha hadi Namanga, iliyojengwa upya na kuzinduliwa mwaka 2012, ilivyoisogeza Oldonyo Sambu karibu na mjini. Mfanyakazi wa Arusha anaweza sasa kulala kilomita zipatazo 30 kaskazini na bado akawahi kazini. Jiji lenyewe linafurika: sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442, ya 2022 ikahesabu 617,631. Olasiti na Muriet, ambako wazee wanakumbuka malisho, leo ni kata za jiji. Anayetafuta kiwanja cha bei nafuu lazima asogee nje zaidi.

Mkazi wa kijiji hachukii bati jipya wala jirani mgeni. Kinachomnyima usingizi ni hiki: kila shamba linauzwa na mwenyewe, kwa hiari yake, kwa fedha halali, na baada ya miaka michache vitu ambavyo hakuna aliyeviuza navyo vimetoweka.

Chukua mapito ya mifugo. Upande huu wa kaskazini magharibi wa Mlima Meru umekingwa na mlima wenyewe. Mawingu humwaga mvua yake kusini na mashariki, kule Tengeru na Usa River, na huku hufika masalia. Ndiyo maana mahindi ya huku ni ya kubahatisha, na familia ya Kiarusha au ya Kimaasai haithubutu kuishi bila ng'ombe, mbuzi na punda. Mifugo hiyo hutembea kila siku: bomani, malishoni, majini, bomani tena. Njia yake hupita kando ya mashamba ya watu wengi. Kila mmoja akiuza robo eka, na kila mnunuzi akajenga ukuta hadi kwenye bikoni zake, njia imekufa bila mkataba hata mmoja kuitaja. Alalili hufa vivyo hivyo, yale majani yanayotunzwa karibu na maboma kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu. Kwa dalali, alalili ni pori tupu.

Mlima huu unajua maana ya kupoteza ardhi. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, na nyumba zao zikachomwa moto. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, akaeleza yaliyotendeka. Wakati ule aliyenyang'anya alijulikana. Leo hakuna askari wala moto. Yupo baba mwenye ada ya sekondari ya kulipa, au kijana anayetaka mtaji wa bodaboda, na kila mmoja ana sababu ambayo mimi siwezi kuibeza. Wa kumshtaki hayupo. Ulinzi uliobaki ni utaratibu wa kijiji chenyewe.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaigawa ardhi ya kijiji katika mafungu matatu: ya matumizi ya pamoja, ya mtu au familia, na ya akiba. Halmashauri ya Kijiji huisimamia kama mdhamini, kwa faida ya wanakijiji wote, wala hairuhusiwi kugawa ardhi kabla Mkutano Mkuu wa Kijiji haujaridhia. Mkutano huo ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, mama kwa baba, morani kwa mzee. Hata mtu anayehamisha hakimiliki yake ya kimila anahitaji idhini ya halmashauri. Na ikiwa kinachouzwa ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inadai ridhaa ya mwenzi. Wanawake wengi huipata habari hiyo baada ya fedha kwisha, na hilo linaniuma.

Tatizo linaanzia kwenye mauziano yenyewe. Mengi huishia kwenye karatasi iliyoandikwa kwa mkono, mashahidi wawili na muhuri wa kiongozi mmoja. Mnunuzi hukusanya vipande vya majirani kadhaa, huita mpimaji, hukata viwanja. Kila muuzaji aliuza shamba. Hakuna aliyeombwa kuamua kama eneo zima ligeuke makazi. Swali hilo lina mahali pake, nao ni mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji chini ya Sheria Na. 6 ya 2007. Mpango huo huonyesha kwenye ramani makazi, kilimo, malisho, vyanzo vya maji na mapito ya mifugo. Pito likichorwa na kupitishwa na Mkutano Mkuu, mnunuzi hulikuta lina upana na mipaka. Lisipochorwa, mpimaji aliyekodiwa haoni chochote ila vumbi lenye alama za kwato.

Kazi hii ina muda wake. Kijiji kikishaingizwa ndani ya mipaka ya mamlaka ya mji hugeuzwa mitaa, na mtaa hauna mamlaka ya kugawa ardhi. Ramani ichorwe wakati Mkutano Mkuu ungali na nguvu.

Kuna pia maji, na hapa hata mgeni ana la kuhofia. Miamba ya volkano ya Meru hutoa floridi kwa wingi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi kuuzunguka mlima vinapita kiwango hicho kwa mbali. Meno ya kahawia ndiyo dalili tunayoizoea. Ikizidi sana, mifupa ya watoto hupinda. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua sufuriani, floridi hubaki. Kisima kirefu chenye maji maangavu si ushahidi wa usalama, hadi sampuli ipimwe maabara. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arumeru, kimefanyia kazi uchujaji kwa mkaa wa mifupa. Lakini maji ya mvua karibu hayana floridi kabisa. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo, ikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya, kwamba kila nyumba mpya iwe na mifereji ya paa na tangi. Paa lisilovuna mvua, isitoshe, huitupa kwenye udongo huu mwepesi wa majivu ya volkano, na korongo hupanuka kuelekea shamba la jirani wa chini.

Mkutano Mkuu unapaswa kuitishwa kila miezi mitatu. Katika ule ujao, wakazi waombe kuonyeshwa ramani ya kijiji na rejista ya ardhi, kisha waulize mapito na alalili vimeandikwa ukurasa gani. Jibu liingizwe kwenye muhtasari, pamoja na idadi ya waliohudhuria.

Sehemu ya tatu itaeleza gharama za kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi na nani anazilipa.