MFANYAKAZI NA MBIO ZA KILOMITA 42



Wenzetu wanaokimbia alfajiri hapa Kibenga wameniuliza mara nyingi swali moja: “Mzee, na sisi tunaweza kukimbia marathoni?” Wengine ni vijana. Wengine wana umri kama wangu, miaka arobaini na kitu. Nimewajibu kwamba ndiyo, wanaweza. Lakini jibu hilo peke yake halitoshi. Mfanyakazi wa kiwandani au wa shambani hakimbii kama mtu anayelipwa ili akimbie. Yako mambo ambayo yeye lazima ayajue, na asipoyajua ataumia. Nitayaeleza hapa, na nitaeleza pia habari ya mwenzetu aliyepoteza vidole viwili, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Marathoni ni nini?

Ni mbio za kilomita 42 na mita 195. Sisi wa Bujumbura tunaweza kuzipima hivi: lile jiwe la Livingstone na Stanley kule Mugere liko kama kilomita 12 kusini mwa katikati ya mji. Kwenda na kurudi ni kilomita 24. Kwenda na kurudi mara mbili ni 48. Basi marathoni ni pungufu kidogo ya kwenda Mugere na kurudi mara mbili, bila kulala njiani.

Msidhani kwamba mbio hizi ni za wakubwa. Michezo ya Olimpiki ya siku hizi ilipoanza Athens mwaka 1896, aliyeshinda marathoni alikuwa Spyridon Louis, mtu aliyeishi kwa kazi ya kubeba maji. Emil Zátopek wa Chekoslovakia alikuwa mfanyakazi katika kiwanda cha viatu cha Bata mjini Zlín. Mwaka 1941 alilazimishwa kushiriki mashindano ya mbio, naye hakutaka. Alimaliza wa pili. Mwaka 1952, kule Helsinki, alishinda mita 5,000, mita 10,000 na marathoni, na hiyo marathoni ilikuwa ya kwanza maishani mwake. Na akina mama wasiseme hayawahusu: Diane Nukuri aliikimbilia Burundi marathoni ya Olimpiki kule London mwaka 2012.

Jambo la kwanza: mwili una mshahara mmoja tu

Kila mmoja wetu anajua mshahara unavyokwenda. Ukishatoa kodi ya nyumba, chakula na ada ya watoto, kinachobaki ndicho unachoweza kutumia. Ukitumia zaidi, unaingia katika deni. Nguvu za mwili ni hivyo hivyo. Anayekaa mezani siku nzima jioni bado ana akiba ya miguu. Anayebeba magunia masaa manane, au anayechuma chai mlimani na kikapu mgongoni, amekwisha kutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kabla hajafunga kamba za viatu. Miaka hii ya uhaba wa mafuta ya gari wengi wetu tumekwenda kazini na kurudi kwa miguu. Hizo nazo ni kilomita, zihesabuni. Na mama anayetoka kiwandani akateka maji, akapika na kufua, bado yuko kazini hata kama hakuna anayemlipa.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kukimbia kwenyewe hakumpi mtu nguvu. Kunamchosha na kuumiza misuli kidogo kidogo. Nguvu zinakuja baadaye, wakati wa kulala na kupumzika, mwili unapojijenga upya ili uweze kustahimili zaidi. Anayekimbia bila kulala anabomoa nyumba kila siku bila kumpa fundi nafasi ya kujenga.

Habari ya mwenzetu

Mwenzetu huyu alifanya kazi ya mashine katika kiwanda ambacho sitakitaja. Jumapili moja alikimbia kilomita 25, akaja kunieleza kwa furaha. Nilimpongeza, na nikamwambia wiki ijayo aongeze. Jumatatu aliingia zamu ya mchana. Ilipokwisha, msimamizi alimwambia abaki na zamu ya usiku, kwa sababu mwenzake hakufika. Alibaki, maana aliogopa kukataa na alihitaji pesa. Saa kumi na moja alfajiri alisinzia akiwa amesimama, mashine ikachukua vidole viwili vya mkono wa kulia.

Karatasi ya ajali iliandikwa “uzembe wa mfanyakazi”. Sisi wajumbe tulikwenda kuuliza swali moja tu: alikuwa amesimama masaa mangapi? Ilibidi wahesabu. Yalikuwa masaa 15. Neno uzembe likafutwa na matibabu yakalipwa. Vidole havikurudi.

Kosa la zamu mbili halikuwa lake. Lakini na mimi nilikosa. Nilimuuliza amekimbia kilomita ngapi, sikumuuliza amelala masaa mangapi wala wiki ile yuko zamu gani. Tangu siku ile, mtu akiniambia anataka kukimbia marathoni, naanza na maswali hayo mawili.

Namna ya kujitayarisha

1. Uwe na daftari. Kila siku andika mistari mitatu: masaa ya kazi, masaa ya kulala, kilomita ulizokimbia. Ukilala chini ya masaa saba siku mbili mfululizo, punguza mbio. Ukifanya zamu mbili, usikimbie kabisa kesho yake. Ukitoka zamu ya usiku, lala kwanza. Kukimbia asubuhi ile unapotoka kiwandani si ushujaa.

2. Anza polepole. Asiyewahi kukimbia ajipe mwaka mzima. Aanze kwa kutembea haraka na kukimbia kidogo, nusu saa, mara tatu kwa wiki. Kipimo cha mwendo ni mdomo wako: ukiweza kuongea na mwenzako huku unakimbia, mwendo ni mzuri. Ukishindwa kumaliza sentensi, umekwenda mbio mno. Aliyepita miaka arobaini, au anayesikia maumivu kifuani au kizunguzungu, amwone daktari kwanza.

3. Wiki ya mazoezi. Anayeweza tayari kukimbia kilomita 10 bila taabu atahitaji kama miezi mitano. Siku nne kwa wiki zinatosha: siku tatu mbio fupi za kilomita 5 hadi 8, na siku ya mapumziko ya kazi, mbio ndefu moja. Mbio ndefu iongezeke kilomita moja au mbili tu kwa wiki, na kila wiki ya nne ipunguzwe ili mwili upumue. Ukifika kilomita 30 au 32, basi, usiende mbele zaidi. Hiyo ya mwisho ifanyike wiki tatu kabla ya mashindano, halafu punguza siku kwa siku. Wengi huogopa kupunguza, wanadhani watasahau kukimbia. Hawatasahau. Miguu iliyopumzika ndiyo inayofika.

4. Chakula. Mwili unaweka akiba ya sukari ndani ya misuli na ini, na akiba hiyo inatoka katika ugali, wali, viazi vitamu na ndizi. Haitoshi kwa kilomita 42. Kwa watu wengi inakwisha karibu na kilomita 30, na hapo miguu inakuwa mizito kama magogo na kichwa kinakata tamaa. Dawa zake ni tatu: kula vizuri siku mbili tatu kabla, kuanza polepole, na njiani kula kidogo kidogo, kama vile ndizi mbivu au maji yenye sukari na chumvi kidogo. Maharage na ndagala ndiyo fundi wa misuli, vile baada ya mazoezi. Na nasema bila haya, kwa kuwa tunajuana: mwisho wa mwezi, chakula kikipungua nyumbani, usikimbie mbio ndefu. Ngoja mshahara.

5. Joto na maji. Bujumbura iko kando ya ziwa, kuna joto na unyevunyevu. Kama zamu yako inaruhusu, anza saa kumi na moja na nusu alfajiri ili umalize kabla jua halijawa kali. Kunywa maji safi unaposikia kiu, kabla, njiani na baada. Usijijaze maji kupita kiasi, nayo yana hatari yake. Mwenzako akianza kuyumba, akaongea maneno yasiyoeleweka na ngozi yake ikawaka moto, hilo ni joto lililopanda kichwani na linaua. Mlaze kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na apelekwe hospitali mara moja. Wenzetu wa chai kule Teza na Rwegura hawana joto letu, lakini wana vilima na hewa nyepesi. Nao wapunguze mwendo. Na popote ulipo, ukiwa na homa usikimbie. Kapime malaria kwanza.

6. Viatu na barabara. Viatu vya mitumba vinafaa, lakini vichague kwa makini. Kunja soli uone kama bado inarudi, na kidole gumba kiwe na nafasi mbele. Usivivae vipya siku ya mashindano. Katika barabara ya Rumonge kimbia upande wa kushoto, ukitazama magari yanayokuja, na giza likiwapo vaa shati jeupe. Lori halimjui bingwa.

7. Kundi. Kukimbia kwa makundi, kwa nyimbo na makofi, ni desturi ya siku nyingi mjini Bujumbura. Lakini kumbukeni kwamba mwaka 2014, baada ya wafuasi wa chama kimoja cha siasa kupambana na polisi mwezi wa Machi, mbio za makundi ziliwekewa masharti. Kwa hiyo wanaotaka kuanzisha kundi wapeleke habari kwanza kwenye ofisi ya mtaa, waulize utaratibu na wapate ruhusa. Siasa za vyama ziachwe nyumbani. Na mwendo wa kundi uwe mwendo wa aliye nyuma kabisa.

Yanayohusu chama chetu

Ndugu zangu, daftari nililoeleza halimsaidii mkimbiaji peke yake. Mkiandika masaa yenu ya kazi kila siku kwa miezi miwili, mtakuwa na kitu cha kuweka mezani mnapozungumza na wakubwa wa kazi. Neno “tunachoka” linajibiwa kwa neno lingine. Tarehe na masaa yaliyoandikwa hayajibiwi kirahisi.

Shirika la Kazi Duniani lilipoanza mwaka 1919, mkataba wake wa kwanza kabisa ulikuwa juu ya masaa ya kazi viwandani: manane kwa siku, 48 kwa wiki. Mwaka 1921 likaongeza mkataba wa mapumziko ya masaa 24 mfululizo katika kila siku saba. Waliopigania mambo hayo hawakuwa wavivu. Walijua kwamba mtu asiyepumzika anakatwa na mashine, anaanguka njiani na anazeeka mapema. Kila kamati ya kiwanda iangalie karatasi ya zamu: nani amefanya zamu mbili mfululizo, mara ngapi, na nani alimwamuru. Mkimbiaji atafaidika, na asiyekimbia hata mita moja atafaidika vilevile.

Namalizia kwa mtu wa kwetu. Mwaka 1996, kule Atlanta, Vénuste Niyongabo alikuwa na nafasi ya kukimbia mita 1,500, mbio alizozizoea. Mwenzake Dieudonné Kwizera alikuwa amekosa Olimpiki mbili zilizotangulia, kwa sababu Burundi haikuwa na kamati ya Olimpiki. Niyongabo alimwachia mwenzake nafasi yake, yeye akaingia mita 5,000 ambazo hakuwa mzoefu nazo. Akashinda medali ya dhahabu, medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Burundi.

Mwenzetu wa vidole viwili amerudi kazini, amepewa kazi nyingine. Anakimbia nasi tena, na daftari analiandika kwa mkono wa kushoto. Mwezi uliopita alimaliza kilomita 21 bila kusimama. Kabla ya kumpongeza nilimuuliza amelala masaa mangapi. Alinionyesha daftari: manane.

Umoja ni nguvu. Nawatakia kazi njema na mapumziko mema.