Kufunga Mwamba wa Pweza

Pweza wa miambani, anayevuliwa kuanzia Pemba hadi Madagaska, hukua upesi na hufa upesi. Huishi mwaka mmoja hivi, au zaidi kidogo. Akiwa mdogo, uzito wake huweza kuongezeka maradufu katika mwezi mmoja au miwili. Jike hutaga kwa msimu mmoja tu, akayalinda mayai pangoni bila kula mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Kwa hiyo anayechokoa pweza wa robo kilo hupata hasara mara mbili: nyama ni haba, na mayai hayajatagwa. Tanzania Bara, kanuni zinakataza kuvua pweza aliye chini ya gramu 500.

Ndiyo sababu vijiji vingine hufunga mwamba. Wavuvi huchagua sehemu moja ya miamba yao, wakaiacha ipumzike kwa miezi miwili au mitatu huku wakiendelea kuvua kwingine. Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walianza mwaka 2004. Uchambuzi wa takwimu za miaka 8 za eneo hilo, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba mavuno yalipanda sana baada ya kufungua, na kwamba kipato cha vijiji hakikushuka kwa kiasi cha kuonekana wakati wa kufunga. Utaratibu huo sasa unatumika pia Pemba, kikiwemo Kisiwa Panza.

Mzigo wa kusubiri, hata hivyo, haumwelemei kila mtu sawasawa. Siku za bamvua, maji yakipwa, wanawake hutembea mwambani na kijiti au chuma chembamba mkononi. Pweza hujigeuza rangi akafanana na jiwe, basi wao hutafuta tundu lenye magamba ya kaa na makombe yaliyorundikana mlangoni, masalio ya mlo wake. Mwamba wa karibu ukifungwa, mwanamke asiye na chombo hana pa kwenda, ilhali mwanamume mwenye ngalawa na miwani ya kuzamia huhamia maji ya mbali.

Mtihani mkubwa zaidi ni siku ya kufungua. Habari zikienea, wavuvi wa dago (wanaopiga kambi ugenini) na wa vijiji jirani humiminika. Matumbawe hukanyagwa, na pweza aliyesubiriwa miezi mitatu huweza kumalizwa kwa siku chache. Soko nalo likifurika, mchuuzi hushusha bei. Kamati ya kijiji iliyo makini hupatana na wanunuzi kuhusu bei mapema, huweka mizani pwani, hurudisha pweza wadogo wakiwa hai, na huwatengea wanaotembea kwa miguu sehemu ya maji mafupi. Bila doria ya usiku inayolipiwa, yote hayo ni bure, kwa kuwa mwizi mmoja akiachwa, waaminifu nao huvunja zuio.

Kijiji kinachotaka kufunga mwamba kwa mara ya kwanza kipange kwanza siku ya kuufungua, na wanawake wanaochokoa pweza wawemo kikaoni wakati taratibu zinapokubaliwa.