Ngozi ya Mwana Hiti

Mwana hiti hana mikono wala miguu. Ni kipande cha mti kilichochongwa, mara nyingi hakizidi shibiri moja, chenye kichwa, shingo, matiti mawili madogo na kitovu kilichotokeza. Nywele zake zimesimama kama shungi la jogoo. Usoni hakuna mengi: macho ni vitundu viwili, na mdomo pengine haupo kabisa. Wazaramo wanaye, Wakwere na Wakutu wanaye, Wakaguru wanaye, na Waluguru wa milima inayouinamia mji wa Morogoro wanaye pia. Asiyejua habari zake akimwona atadhani fundi aliacha kazi njiani. Mimi nasema kwamba katika sanamu zote za watu ninazozijua ukanda huu, hakuna aliyepewa ngozi iliyokaribia ngozi ya binadamu kumshinda huyu, wala hapakuwa na brashi au kopo la rangi.

Ngozi hiyo chimbuko lake ni mwali. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi ya ukoo hufuata njia hiyo hiyo. Ndiyo maana binti anapovunja ungo jambo hilo haliwi la nyumba moja. Ukoo mzima umepata mtu wa kuuendeleza. Zamani binti huyo aliwekwa ndani, na kukaa ndani kulikuwa kwa miezi mingi, kwa wengine hata miaka. James Brain, aliyeandika mwaka 1978 kuhusu mwali wa Kiluguru, aliyaona mambo hayo yote kuwa ni safari ya kuzaliwa upya. Ndani mlikuwa na giza, mafundisho ya kungwi, chakula kizuri na kazi chache. Jua halikumgusa mwali. Alipakwa mafuta ya nyonyo, akasuguliwa, akapakwa tena. Ngozi iliyoingia ikiwa imechomwa na jua la shambani na kukwaruzwa na majani ya mahindi ilitoka laini, imetakata, ina maji yake. Siku ya kutolewa nje, kabla watu hawajatazama nguo wala shanga, walitazama ngozi. Hiyo ndiyo iliyowaambia kama wakubwa wa binti wamemtunza au wamemtelekeza.

Mwana hiti alikaa na mwali muda huo wote, akitendewa yale aliyotendewa mwali. Aliogeshwa. Alipakwa mafuta yale yale, akatengenezwa nywele, akavikwa shanga. Binti alifundishwa kumbeba kwa uangalifu na asimwangushe, maana kumwangusha kulihesabiwa kuwa kuuchezea uzazi wake mwenyewe. Mwana hiti wa familia hakutupwa kazi ilipokwisha. Alihifadhiwa, akaja kupewa mwali mwingine, na mikono mipya ikaanza kupaka pale ilipoachia mikono ya zamani.

Ukimpata mmoja aliyetumika kweli, mgeuze polepole kwenye mwanga wa dirisha. Ndani ya vitundu vya macho, chini ya shungi, kwenye mkunjo wa shingo na kando ya matiti, mafuta yameshikana na vumbi na masizi ya nyumba ya moto wa kuni; hapo pameiva weusi kabisa. Paji la uso, matiti na kitovu, mahali dole gumba lilipopita kila siku, pamelainika na kung'aa, na wekundu wa mti unajitokeza kwa chini. Kati ya weusi ule na wekundu huu rangi inapanda na kushuka bila mpaka unaoweza kuuonyesha kwa kidole. Mti nao una sehemu yake. Mninga, unaoota katika mapori ya miombo mkoani Morogoro, ukikatwa hutoa utomvu mwekundu, na mbao yake hubaki na kahawia yenye joto hata baada ya kupakwa mafuta mara nyingi. Mpingo una weusi wake wa ndani, lakini ukiutazama vizuri una zambarau na hudhurungi humo humo. Mchongaji alikabidhi umbo tu. Ngozi ilikuja baadaye, kidogo kidogo, kutoka kwenye viganja vya wasichana.

Ulaya, Marekani na Japani wapo watu wanaotengeneza na kupaka rangi sanamu ndogo za rezini zenye sura za watu. Wengine ni mafundi wa kulipwa, wengine hufanya kwa mapenzi tu baada ya kazi, na wanachokitafuta ndicho nilichokieleza hapo juu. Hupaka rangi ya kwanza ya kushika, kisha rangi ya msingi ya ngozi, kisha rangi ya giza iliyozimuliwa sana ambayo huachwa itiririke yenyewe kwenye mashimo ya macho na mikunjo ya shingo. Ikikauka, hurudi na rangi angavu kwenye paji la uso, pua na mifupa ya mashavu. Hapo tena hupitisha utando mwembamba wa rangi juu ya utando, mmoja ukiacha ule wa chini uonekane, kwa sababu ngozi ya mtu haina rangi moja: kuna damu chini yake, kuna mafuta juu yake, na kuna mwanga wa anga unaoiangukia. Kazi ambayo dole gumba la mwali liliifanya kwa miaka, wao wanaifanya kwa juma moja na brashi yenye unywele mwembamba.

Wengi hukwama kwenye ngozi nyeusi, na hapa nina neno la kusema kwa sababu jambo hili linatuhusu. Miongoni mwa sanamu za rezini wamo askari Waafrika wa Vita ya Kwanza ya Dunia, wa upande wa Wajerumani na wa upande wa Waingereza. Watu hao walipita hapa. Majeshi ya Waingereza yaliingia mji wa Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, na vita vikahamia kwenye njia za milima ya Uluguru, pamoja na wapagazi waliobebeshwa mizigo. Mara nyingi askari hao hupakwa kahawia moja kuanzia kisogoni hadi vidoleni, na anayetaka kuongeza mwanga huchanganya nyeupe. Matokeo yake ni ngozi iliyopauka, utadhani mtu huyo ametembea juma zima kwenye vumbi la kiangazi bila kugusa mafuta. Mama yeyote wa Morogoro angempa kopo ajipake kabla hajatoka mlangoni. Ngozi nyeusi iliyotunzwa hupokea mwanga kwa wekundu na umanjano kwenye sehemu zilizoinuka, na hudaka ubuluu wa anga pale inapong'aa. Viganja na nyayo zina rangi yake nyingine, na vifundo vya vidole huwa vyeusi zaidi. Watu wa maji ya kunde hawafanani na weusi tii hata kivulini, na katika familia moja ya Kiluguru utawakuta wote wawili wakila sahani moja. Mafundi walio hodari wanayajua haya, na humalizia kwa vanishi yenye mng'ao wa wastani, si iliyokauka kabisa wala si ya kumeremeta.

Tumeishi pia na sanamu za ngozi ya aina nyingine. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868 na kufungua misheni yao ya Morogoro mwaka 1882, ndio walioujenga Ukatoliki wa mkoa huu, na Ukatoliki huo ulikuja na sanamu za watakatifu zenye mashavu ya rangi ya waridi. Vizazi vya Waluguru vimepiga magoti mbele ya ngozi hizo kwa imani ya kweli, na siibezi imani hiyo. Ni ya ndugu zangu. Ninachosikitikia ni kwamba fundisho la mwali kuhusu ngozi halikuonekana kuwa na nafasi kanisani mle. Wamisionari wengi waliiona ngoma ya mwali kuwa ushenzi wa kukomeshwa, na mwana hiti akaingia katika lawama hiyo pamoja na kungwi wake. Nimefurahi kuona Bikira Maria na Mtoto Yesu wa mpingo katika makanisa ya nchi hii, kwa kuwa mti unaopakwa mafuta unajua kuzeeka pamoja na waumini wake.

Mwana hiti wa kuuzwa ni habari nyingine. Mchongaji wa leo anamtengeneza kwa ajili ya mgeni, na mgeni anataka kitu kilichozeeka, hivyo mti mweupe hupakwa kiwi ya viatu na kufukizwa moshi. Simlaumu fundi anayetafuta ada ya shule ya watoto. Lakini tazama alikopaka: weusi umeenea sawasawa kila mahali, matiti na kitovu vimefunikwa kama mashimo yalivyofunikwa. Kiwi haikuambiwa mtoto hushikwa wapi.

Sasa shule imefupisha yote. Binti anakaa ndani kwa siku chache za likizo, na mafuta ni ya kopo kutoka dukani. Pasipo na mwana hiti wa mti, tangu zamani gunzi la mahindi liliweza kushika nafasi yake. Silioni kuwa jambo la kulilia, kwa sababu mila yenyewe ilijua kujibana kulingana na hali. Ninalolihofia ni upotevu wa maarifa ya kupaka. Mwana hiti wengi wa zamani wako katika makumbusho ya nje na ya ndani, wamekauka ndani ya vioo. Watunzaji wana sababu yao ya kitaalamu, kwamba mafuta mapya huvuta vumbi na kuubadilisha mti. Nakubali. Basi angalau kibao kilicho mbele yake kisiishie kwenye kabila, aina ya mti na urefu wa sentimita. Kiandikwe alipakwa mafuta gani, yalikamuliwaje, nani alipaka, alianzia wapi, na nani alimpokea baada yake. Mabibi wanaoweza kuyajibu hayo bado wapo Kinole, Matombo na Mgeta, huko milimani Uluguru, na wengi wao hawajawahi kuulizwa.