Mashine Iliyopungua Mwili

Ordinateri, ambayo wenzetu wa Tanzania huiita kompyuta, haikuzaliwa ndogo. Mwaka 1946, mjini Philadelphia, Marekani, watu walionyeshwa ENIAC: uzito wake tani 30 hivi, na ndani yake taa za kioo karibu 18,000. Ilijumlisha mara 5,000 kwa sekunde moja. Lakini taa ikiungua, mafundi hawana budi kuitafuta kati ya maelfu. Wanawake sita ndio walioipangia kazi, wakiunga nyaya kwa mikono. Nao miaka mingi hawakusifiwa.

Mwaka 1971 kampuni ya Intel iliuza kipande cha silikoni, kidogo kuliko ukucha, chenye transista 2,300. Tangu hapo kazi ya chumba kizima imeingia mfukoni.

Wazazi wa Katanga na Kivu wajue ya kuwa wepesi huo umetoka pia katika udongo wetu. Kobalti ya Kolwezi imo katika betri. Koltani ya Masisi hutoa tantali ya visehemu vitunzavyo umeme. Na huko mashimoni watoto wameonekana wakibeba mawe saa za masomo. Mama amnunuliaye mwanawe simu, na mama ambaye mwanawe hayupo darasani, pengine hukaa mtaa mmoja.