Kesho ni zamu yako kusimama

Huenda leo kanisani umekaa mwili tu. Kwaya imeimba, mchungaji amehubiri, lakini mawazo yako yako kwenye kesho saa tatu asubuhi, utakaposimama mbele ya mkurugenzi na wakuu wa idara kueleza kazi yako ya miezi sita. Tumbo linakoroga, na usiku usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu.

Nalijua hilo. Miaka ya nyuma, katika ofisi moja hapa Morogoro, nilisimama kueleza habari za mashamba ya milimani, na sentensi ya kwanza ikanipotea. Nikatazama dirishani. Lupanga ilikuwa imefunikwa na wingu, nikatamani na mimi nifunikwe. Mwenzangu mmoja akaniuliza taratibu: "Hebu tuambie kwanza, wale akina mama wa Choma walikwambia nini?" Nikajibu swali lake, na kutoka hapo maneno yakaja.

Soma Kutoka sura ya 4. Musa alimweleza Mungu kwamba kinywa chake ni kizito, akafika mahali pa kuomba atumwe mtu mwingine. Mungu alikasirika, ndiyo, ila hakumwondoa kazini. Alimpa Haruni. Hatusomi kwamba ulimi wa Musa ulilainika siku ile. Paulo naye, msemaji tunayemwogopa hadi leo, aliwakumbusha Wakorintho kwamba alifika kwao na hofu na kutetemeka sana.

Kwa hiyo usipoteze Jumapili nzima ukiomba usitetemeke. Moyo kwenda mbio ni mwili unajiandaa kwa kazi; vuta pumzi, kisha itoe polepole kuliko ulivyoivuta, mara kadhaa. Sentensi ya kwanza ijue kwa moyo. Fika mapema, ujaribu projekta, na uwe na nakala za karatasi, maana umeme wetu unaujua.

Lakini zaidi ya yote, mtafute Haruni wako leo. Simama mbele yake, useme kwa sauti, mwanzo hadi mwisho. Kioo hakitakuuliza swali.

Na kuna hofu nyingine ambayo ningependa uwe nayo. Miaka ya 1950 maofisa wa serikali ya kikoloni waliwataka Waluguru wachimbe matuta ya ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Sidhani kama walikosa maneno. Walichokosa ni kuwasikiliza wakulima, waliojua kwamba udongo wao mzuri ni tabaka jembamba la juu, na kwamba kuchimba ngazi kunaufukia na kuleta juu udongo usiozaa. Kazi ilikuwa ngumu, mavuno haba, na mwaka 1955 ghasia zikazuka. Mpango ule ukaachwa.

Basi unapopitia karatasi zako jioni hii, jiulize: wale unaokwenda kuwasemea, uliwasikiliza? Kama kuna mmoja hujampigia simu, mpigie sasa, kabla hujarekebisha rangi za michoro yako. Kisha umwite Haruni. Akikwambia hajaelewa, usinune. Afadhali asielewe yeye leo kuliko mkurugenzi kesho.

Jumapili njema.